Barua ya wazi: Titi likiwaka siku 14, lisiitwe jipu tena

Kwa Waziri wa Afya,
Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI,
Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi,
Waganga Wakuu wa Mikoa na Wilaya zote za kusini.

YAH: MATITI YANAYOWAKA KWA SARATANI KUTIBIWA KAMA JIPU

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima, husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Nilivaa sare mara ya kwanza mwaka 1986, nikakabidhi funguo za kabati la dawa Desemba 2024. Miaka yote hiyo nimeitumikia kwenye zahanati za huku juu, uwanda wa Makonde. Nawaandikia kwa sababu ya kosa nililolifanya mwenyewe. Limo kwenye kitabu cha MTUHA, rejista ya wagonjwa, kwa mwandiko wangu, na likiendelea kukaa humo kabatini halitamfaa mtu.

Tarehe 20 Novemba 2023 alikuja mama wa miaka 34. Nitamwita Mama Somoe, ingawa si jina lake. Mgongoni ana mtoto wa miezi minane. Alinisalimu, akafunua kanga, akasema, "Mama nesi, ziwa linawaka moto."

Lilikuwa la kushoto. Limevimba kumpita mwenzake, zito, limejaa. Vitabu vyetu vinasema utafute wekundu, lakini wekundu huo ni wa ngozi za waliovichapa vitabu. Kwa Mama Somoe niliona zambarau iliyoiva, ngozi inang'aa, na ukiweka kiganja unalisikia joto. Homa hana. Nikaandika: jipu la titi. Nikampa vidonge vya rangi mbili, antibayotiki ya siku saba, nikamwambia akande kwa maji ya vuguvugu na asiache kunyonyesha. Kwa mzazi anayenyonyesha ndivyo mwongozo unavyosema, na mara nyingi unasema kweli.

Alirudi tarehe 29. Hapa ndipo naomba mnisome polepole. Ngozi ya chini ya chuchu ilikuwa imefanya vitundu vidogo vidogo, kama ganda la chungwa ukilishika karibu na macho. Chuchu ilikuwa imeanza kurudi ndani. Niliviona vyote viwili. Nikampa dozi ya pili, kali zaidi ya ile ya kwanza.

Januari alikwenda kituo cha afya. Akachomwa PPF, sindano ya penisilini, siku tano, kisha wakaona bora wapasue watoe usaha. Usaha haukutoka, ilitoka damu. Mama mkwe akasema hilo ni chango, limeamshwa na mtu, wakapoteza wiki tatu kwa fundi mmoja, mganga wa kienyeji, wa upande wa Ruvuma. Simlaumu bibi yule. Sisi wenye sare tulikuwa tumeshindwa mara tatu mbele ya macho yake, angefanya nini?

Tarehe 12 Februari 2024, hospitalini, ndipo kikakatwa kinyama, kipande kidogo cha titi cha kupimwa. Kikatiwa kwenye kichupa chenye formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, kikakaa siku 11 kikisubiri malipo na mtu wa kukipeleka. Mtu mwenyewe akawa mumewe. Alisafiri nacho kwa basi usiku kucha, kimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya kofia yake, juu ya mapaja. Aliniambia hakusinzia kwa kuogopa kisivuje. Jibu lilitoka tarehe 17 Aprili: saratani ya titi. Siku 65 tangu kinyama kikatwe, siku 149 tangu aliponifunulia kanga.

Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti, limeweka siku 60 tangu mwanamke afike kituoni kwa mara ya kwanza hadi ajulikane anaumwa nini. Sisi tulizimaliza hizo siku 60 tukiwa bado kwenye PPF.

Mtasema, nesi, saratani zote zinachelewa kugunduliwa nchini, hiyo ya titi jekundu ina nini? Ina hivi. Tangu nistaafu nina muda, na nina mpwa anayesomea udaktari ambaye hukaa nami barazani wakati wa likizo. Nimemchosha kwa maswali. Nitawaeleza alivyonieleza nikaelewa, maana nimegundua kwamba nilitumia miaka 38 kulitibu neno "kuwaka" bila kujua ni nini hasa kinachowaka.

Kila mwanamke wa huku aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anaujua mchochota, hata kama neno hilo hajalisikia. Mafuta ya ganda yakikuangukia kidoleni, ngozi inaungua, inavimba, inapata joto, inatoa lengelenge. Kinachokuumiza pale hakibaki kuwa mafuta peke yake. Mwili wako umepiga yowe. Mishipa midogo imefunguka, chembe nyeupe za damu zimekuja kusafisha, zinatoa kemikali za kuita wenzao na za kuamuru ngozi mpya iote. Siku kadhaa zikipita kazi imekwisha, walioitwa wanatawanyika, unabaki na kovu jeusi. Mimi ninalo, kidole gumba cha kulia, tangu nina miaka kumi.

Saratani kali ya titi hulishika yowe hilo na kulifanya lisikome. Si jambo la kugunduliwa jana. Mwaka 1863 daktari Mjerumani, Rudolf Virchow, alishaona chembe nyeupe za damu zimejazana ndani ya uvimbe wa saratani, akahisi mambo haya mawili ni ndugu. Mwaka 1986, mwaka wangu wa sare, Harold Dvorak wa Marekani akasema uvimbe wa saratani ni kidonda kisichopona. Mwaka huohuo Ranjan Sen na David Baltimore wakaigundua protini iitwayo NF-kappa B, ambayo ndani ya seli ni kama swichi ya mchochota. Kidole chako kikiungua, swichi inawashwa, kidonda kikifunga, inazimwa. Kwenye saratani kali za titi mara nyingi swichi hiyo imegandia upande wa kuwaka.

Ikishagandia, seli ya saratani hutoa vijumbe. Kimoja kinaitwa intaliukini-6. Kijumbe hiki hutoka nje ya seli, hugonga mlango wa seli ya jirani au mlango wa seli ileile iliyokitoa, na humo ndani huamsha protini nyingine iitwayo STAT3. STAT3 huingia hadi kwenye kiini na kuwasha jeni za kukua, za kukataa kufa, na za kutengeneza intaliukini-6 zaidi. Mpwa wangu alinichekesha kwa mfano wake: ni mtu anayejipigia simu, anaipokea mwenyewe, anajiambia "kua, usife", kisha anajipigia tena. Wewe huku nje unampa antibayotiki. Antibayotiki inaua bakteria, na kwenye simu hiyo bakteria hayumo kabisa.

Kuna na askari walioasi. Chembe kubwa nyeupe, zile tunazoziita seli walaji, huja kwenye uvimbe kwa nia ya kusafisha. Uvimbe huzizungumzia lugha ya kidonda, nazo zikaanza kufanya kazi ya kidonda: zinaita mishipa mipya ya damu, zinayeyusha nyama iliyo katikati ili kupisha njia, na seli za saratani hupita njia hiyohiyo kuingia kwenye damu. Nilipoelewa hilo nilinyamaza kidogo. Miaka yote nilidhani mwili wa mgonjwa wa saratani umelala. Kumbe uko kazini usiku na mchana, ila umemtumikia adui.

Sasa hii aina aliyokuwa nayo Mama Somoe. Jina la saratani ya mwako (kwa Kiingereza inflammatory breast cancer) ilipewa na madaktari wa Marekani mwaka 1924, na jina lenyewe limetuponza, maana jambo linalolifanya titi lionekane limewaka ni tofauti na linavyodhaniwa. Seli za saratani hushikana mafungu mafungu na kuziba mifereji midogo ya limfu iliyo ndani ya ngozi. Maji yakikosa pa kutokea, ngozi huvimba, ila pale vinyweleo vinapoingia inabaki imeshikwa chini. Ndiyo vile vitundu vya chungwa. Mara nyingi hakuna kivimbe cha kushika kwa vidole, kwa hiyo elimu yetu yote ya "mama jipapase utafute kivimbe" humpita mwanamke huyu pembeni. Picha ya eksirei ya matiti nayo yaweza isione kitu. Na ikigunduliwa, hata siku ya kwanza kabisa, haiitwi hatua ya kwanza wala ya pili. Inaanzia ya tatu.

Duniani kote aina hii ni chache, asilimia 1 hadi 5 ya saratani za matiti kwa hesabu za Marekani. Najua mhasibu wa wizara akiona tarakimu hiyo atafunga faili. Asifunge. Mwako huohuo wa ndani, wa NF-kappa B na STAT3, unaendesha pia saratani nyingi zile zisizo na vipokezi vitatu (milango ya seli inayopimwa ili kujua dawa ipi itafaa), yaani hasi tatu, na hizo huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, tena wakiwa vijana. Mwanamke wa namna hiyo hana miaka ya kutupa. Ana miezi, na sisi tunampimia miezi hiyo kwa dozi za siku saba saba.

Mwaka 1814 mpasuaji Charles Bell wa Uskoti aliandika kwamba rangi ya zambarau kwenye ngozi iliyo juu ya uvimbe wa titi, ikiandamana na maumivu, ni dalili mbaya sana. Zambarau! Miaka zaidi ya 200. Nami niliiona kwa macho haya, nikaandika jipu.

Waheshimiwa, ombi langu kubwa ni moja, na halihitaji bajeti ya kupita bungeni. Toeni waraka, wa ukurasa mmoja, uende kila zahanati na kila kituo cha afya cha Mtwara na Lindi, kuanzia Kilwa hadi Nanyumbu, ukisema: titi lililovimba na kupata joto au kubadilika rangi, likipewa antibayotiki na lisipone ndani ya siku 14, asipewe dozi nyingine. Apelekwe kukatwa kinyama. Awe ananyonyesha, asiwe ananyonyesha. Awe na kivimbe, asiwe nacho. Jipu la kweli la mzazi mara nyingi huja na homa na kutetemeka, na likitibiwa sawasawa huanza kushuka siku ya pili au ya tatu. Lile linalopanda taratibu wiki kwa wiki bila homa, chuchu inarudi ndani, kwapani kuna tezi, hilo nesi yeyote akifundishwa nusu saa atalitambua. Mimi sikufundishwa hiyo nusu saa. Semina za posho nilihudhuria nyingi.

Na kwenye kitabu cha MTUHA, mkiona inafaa, ongezeni kisafu kimoja: amerudi siku ya ngapi. Kilichoniponza ni kwamba kila alipokuja alikuwa mgonjwa mpya kwenye mstari mpya.

Kinyama chenyewe si jambo la chumba cha upasuaji. Kwa titi lenye ngozi iliyoharibika, kuna kisu cha duara chenye upana wa milimita 4 hadi 6. Unaweka ganzi, unazungusha, unatoa kipande cha ngozi, unashona uzi mmoja. Hospitali ya wilaya inaweza. Naamini hata kituo cha afya chenye tabibu mwenye mkono mtulivu kinaweza.

Nilichokuja kukijua baadaye, na ambacho kinaniuma kuliko dozi zile mbili, ni habari ya kile kichupa. Kinyama cha titi kinatakiwa kiingie kwenye formalini ndani ya saa moja tangu kikatwe, kikae humo si chini ya saa 6 wala si zaidi ya saa 72, kisha kigandishwe kwenye nta. Kikichelewa kuingia, au kikizidisha muda humo ndani, vipimo vya vipokezi vinaweza kusema "hakuna" wakati vipo. Jibu la Mama Somoe lilisema hasi zote tatu. Lakini kinyama chake kilikaa siku 11 kabatini ndipo kikapanda basi. Sisemi jibu lilikuwa la uongo. Nasema hakuna anayeweza kuniapia kuwa lilikuwa la kweli, na kama kipokezi cha homoni kilikuwepo, alikosa tamoksifeni, dawa ya kidonge, ya siku nyingi, isiyo ya bei kubwa.

Kwa hiyo ombi la pili. Pale Mitengo, Mtwara, mmetujengea Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, na tunashukuru, tumeiona. Pawe ndipo vinyama vyote vya kusini vinapogandishwa kwenye nta, ndani ya saa 72, bila kusubiri risiti ya malipo. Nta ikishaganda, kipande hakiharibiki tena. Kinaweza kusafiri hadi Dar es Salaam kwa utulivu, au kikatwe, kipakwe rangi na picha yake itumwe kwa intaneti kwa mtaalamu wa patholojia aliye mbali. Gari linalopeleka sampuli za kifua kikuu na za VVU hupita barabara zilezile. Kichupa cha titi ni kizito kiasi gani hata kisipande?

La tatu ni fupi. Titi la namna hii lisikimbiliwe kukatwa lote. Linaanza na dawa za saratani za dripu, kisha kisu, kisha mionzi, kwa mpangilio huo. Kisu kikitangulia kinakata ndani ya ngozi ambayo tayari imejaa seli, na jeraha halifungi. Nimeliona moja hivyo, la mwanamke mwingine, na harufu yake bado ninayo.

Mama Somoe alipangiwa kufika Dar es Salaam Jumatatu ya tarehe 6 Mei 2024. Mnaikumbuka wiki hiyo. Kimbunga Hidaya kiliingia Jumamosi, maji yakaikata barabara pale Somanga, na wao wakiwa wamefika Nangurukuru. Walilala hapo siku tatu, yeye na mumewe na mtoto, ziwa limeshachanika na linavuja, amelifunga kwa vipande vya kanga. Hilo silipeleki kwa mtu, ni mvua ya Mungu. Ila mtu akishachelewa siku 149, hata mvua inamkuta pabaya zaidi.

Alipata dripu mbili. Za tatu na kuendelea zilihitaji nauli na mahali pa kulala, na nyumbani hakuna kitu. Julai mikorosho ikiwa ndiyo kwanza ina maua, mumewe akauza kangomba, yaani korosho zikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa. Mnajua kangomba ni nini na mmeipiga marufuku kila msimu. Nami naichukia. Lakini mtu hakopeshwi popote huku kwa dhamana ya mke anayeumwa. Mama Somoe alifariki Oktoba. Wiki ileile mnada wa kwanza ulifunguliwa na bei ikavuka shilingi 4,000 kwa kilo, watu wanashangilia, na mumewe magunia yake yanapakiwa na mwenye kangomba.

Kama kuna fungu la kuwasaidia nauli na malazi wagonjwa wa saratani wanaotoka mikoa ya mbali, litajwe wazi kwenye waraka huohuo, na nani wa kuombwa. Kama halipo, ushuru wa korosho unaokusanywa na halmashauri za huku si mdogo, nao unatoka kwenye mashamba ya wanawake hawahawa.

Neno moja pembeni, kwa sababu najua barua hii itasambazwa kwenye makundi ya simu. Ndugu zangu, kusikia kwamba saratani ina mwako ndani yake kusiwafanye mkimbilie diklofenaki, aspirini, wala manjano na tangawizi. Watafiti wa Marekani waliwapa aspirini ya miligramu 300 kila siku wanawake waliokwisha kutibiwa saratani ya titi, kwenye utafiti wa watu zaidi ya 3,000. Majibu yalichapishwa 2024: haikuzuia saratani kurudi. Simu ile ya ndani ina laini nyingi, ukikata moja inapita nyingine. Tangawizi wekeni kwenye chai.

Narudi kwenu, waheshimiwa. Siku niliyokabidhi ofisi nilichukua karatasi ya manila, nikaandika kwa kalamu nene TITI LIMEWAKA, SIKU 14, HALIPONI: KINYAMA, nikaibandika ukutani juu ya meza ya kuandikia dawa, kati ya ratiba ya chanjo na kalenda. Mwezi uliopita nilipita pale kumsindikiza jirani. Haipo. Kijana aliyechukua nafasi yangu, mtu wa heshima sana, alinisalimia na kuniwekea kiti, akanieleza kwamba wakaguzi walipokuja waliagiza ziondolewe karatasi zote zisizo na muhuri.

Ameitunza. Imekunjwa ndani ya droo, pamoja na gundi yake. Naomba muhuri.

Wenu mtiifu,

Muuguzi mkunga mstaafu,
Newala, Mtwara.